Mrututu kwenye pampu, shaba kwenye kolamu, au tuache metali kabisa?

Ukinunua siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, muuzaji wa duka la dawa anayejua kazi yake atakwambia: "Mama, hii usinywe na maziwa, wala na dawa ya kiungulia." Hasemi hivyo kwa ajili ya ladha. Kalsiamu ya maziwa na magnesiamu ya dawa ya kiungulia huinasa dawa humo humo tumboni, ikashindwa kupenya kwenda kwenye damu. Tetrasaiklini, antibiotiki nyingine, nayo ina tabia hiyohiyo.

Kinachomkosesha mgonjwa dawa yake ndicho kinachotufaa sisi wa maabara. Dawa inayoshika metali inaweza kutenganishwa na ile isiyoshika, na wakati mwingine hata na pacha wake anayefanana naye kwa kila kitu, mradi tuweke metali njiani inapopita. Wanakemia huuita mshiko huu kwa neno lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya gando la kaa. Aliyewahi kubanwa na kaa mikokoni hahitaji maelezo: mnyama anabana kwa pande mbili kwa pamoja, na kumbandua ni shughuli. Gando la dawa ni atomu mbili au zaidi zilizokaa jirani, mara nyingi za oksijeni au nitrojeni, zinazoibana metali katikati yake.

Swali la mtu wa maabara ni wapi aiweke hiyo metali. Anaweza kuiyeyusha katika kiyeyushi kinachosukumwa na pampu. Anaweza kuifunga ndani ya kolamu, lile bomba lililojaa punje ambamo kiyeyushi hupita na dawa hutenganishwa. Anaweza pia kuamua kwamba kazi yake haihitaji metali hata kidogo, na uamuzi huo ni halali kama mingine. Nimefanya kazi kwa njia zote tatu, na nina upendeleo wangu, ambao sitauficha.

Kazi ya kupimia: levofloksasini na pacha wake

Ofloksasini ni nusu kwa nusu ya molekuli mbili zinazofanana kama ndara ya kulia na ya kushoto. Levofloksasini ni ndara moja tu, ile inayoitwa S. Ndiyo inayoua bakteria: nguvu yake ni kati ya mara 8 na 128 ya mwenzake R, kutegemea bakteria mwenyewe. Dawa hii ilianza kutumika Japani mwaka 1993 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1996. Leo ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu sugu, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itolewe kwa miezi 6 kuwakinga watu waliokaa karibu na wagonjwa wa kifua kikuu sugu kwa dawa nyingi.

Sasa fikiria mtu amejaza ofloksasini kwenye kopo lililoandikwa levofloksasini. Kolamu ya kawaida ya C18 (punje zake zimevishwa minyororo ya kaboni 18), ile ambayo kila maabara inayo, haitaona kitu. Kilele kwenye mchoro wa mashine ni kimoja, kimetoka muda uleule, kina ukubwa uleule. Hata spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, itakudanganya, kwa sababu uzito wa mapacha hawa hautofautiani. Mgonjwa ameandikiwa dozi kamili, amemeza nusu.

Njia ya kwanza: metali ndani ya kiyeyushi

Famakopia ya Marekani, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inalitatua tatizo hili kwa C18 ileile. Kwa kila lita ya maji unaweka gramu 8.5 za ammoniamu asetati, gramu 1.25 za mrututu (ndiyo, salfeti ya shaba ileile ya buluu ambayo wakulima huipulizia mimea dhidi ya kuvu, ila hii ni ya daraja la maabara) na gramu 1.3 za L-isoleusini, asidi amino ya kawaida kabisa. Unachanganya sehemu 7 za maji hayo na sehemu 3 za methanoli. Kolamu inakaa kwenye nyuzi 45, mtiririko ni mililita 0.8 kwa dakika, kigunduzi cha mwanga kiko nanomita 360.

Piga hesabu ya moli utaona ujanja ulipo. Shaba ni milimoli 5 kwa lita, isoleusini ni 10. Kila shaba ina isoleusini mbili za kuishika. Levofloksasini inapofika, inamsukuma isoleusini mmoja na kukalia nafasi yake kwa gando lake lenyewe, yaani oksijeni ya ketoni na ile ya kaboksili iliyo jirani yake. Sasa wako watatu: shaba, isoleusini na dawa. Isoleusini iliyobaki ni ya mkono mmoja tu, kwa hiyo kinachotokea ni kama kusalimiana. Mpe mtu mkono wa kulia naye akupe wa kulia, viganja vinakutana. Akikupa wa kushoto, bado mnaweza kushikana, lakini mshiko si ule. Kompleksi ya S, yaani muungano huo wa watatu, na kompleksi ya R si mapacha wa kioo tena. Moja inaipenda C18 kuliko nyingine, na hapo ndipo vilele vinapoachana.

Wazo la kubadilishana ligandi (molekuli inayoishika metali) kwenye metali ndani ya kolamu lilipewa jina na Friedrich Helfferich mwaka 1961. Mwaka 1979 Hare na Gil-Av walionyesha katika jarida la Science kwamba shaba na prolini zikiyeyushwa kwenye kiyeyushi zinatosha kutenganisha asidi amino za D na za L, yaani mapacha wa mikono miwili, bila kolamu yoyote maalumu. Kila ninapotengeneza kiyeyushi cha levofloksasini huwa ninawashukuru, hasa nikikumbuka bei za kolamu.

Maana bei ndiyo hoja ya kwanza. Kwa mtiririko ule, kazi ya saa 8 inakula mililita 384 za kiyeyushi, na hata kama zote zingekuwa maji ya shaba bila methanoli, ni chini ya nusu gramu ya mrututu na kama nusu gramu ya isoleusini. Kolamu unayo tayari. Hakuna njia ya kutenganisha mapacha iliyo nafuu kuliko hii.

Hoja ya pili inasahaulika mara nyingi, ingawa kwangu ndiyo kubwa. Ukibadilisha L-isoleusini kwa D-isoleusini, mpangilio wa vilele unageuka: aliyekuwa nyuma anatangulia. Unapotafuta chembe ya R katika bahari ya S, unataka R itoke kwanza, juu ya mstari uliotulia, si nyuma ya mlima ambako mkia wa S unaifunika. Kwa kolamu ya kununua, kugeuza huku mara nyingi kunamaanisha kununua kolamu ya pili. Hapa unabadilisha kopo la unga.

Tabu zake nazo zipo, na si ndogo. Asidi ikizidi, hidrojeni inalikalia gando kabla shaba haijafika na utengano unayeyuka. Besi ikizidi, shaba hugeuka hidroksidi na kutuama, na punje za silika zilizojaza kolamu huanza kuliwa. Joto la kolamu si pambo: kubadilishana ligandi kunachukua muda, na kwenye ubaridi vilele hupanuka kama chapati. Chumba chenye kiyoyozi kinachozimika umeme ukikatika, na kolamu haina tanuri lake, hicho si chumba cha kazi hii. Halafu kolamu yenyewe huchelewa kutulia. Mimi simwamini mtu anayedunga sampuli ya kwanza kabla saa nzima haijapita.

Kigunduzi nacho kinabanwa. Shaba ikiwa na asidi amino hunyonya sana mwanga wa mawimbi mafupi, kwa hiyo dawa inayoonekana kwenye nanomita 220 tu itazama ndani ya mwanga huo. Levofloksasini imebahatika kuonekana hadi 360. Kama ulizoea kuipima kwa kung'aa kwake inapomulikwa, sahau: shaba huuzima mng'ao wa dawa za kundi hili. Na spektromita ya masi usiisogeze hata karibu. Chumvi ya shaba haigeuki mvuke, itaganda mdomoni mwa mashine, na fundi atakapokuja utakuwa na maelezo marefu.

Nina kisa changu. Ijumaa moja, katika maabara niliyokuwa nafanya kazi zamani, nilizima pampu jioni nikaacha kiyeyushi cha shaba ndani ya mabomba, nikijiambia Jumatatu nitaendelea. Jumatatu shinikizo lilipanda hadi mashine ikajizima yenyewe. Nilifungua kichujio cha mbele ya kolamu nikakikuta cha buluu-kijani. Tangu hapo naosha siku hiyohiyo: maji yenye methanoli kidogo kwanza, kisha maji yenye EDTA kidogo (kemikali inayoshika metali kwa nguvu) ili kuikusanya shaba iliyojificha, kisha maji matupu, mwisho methanoli. Na kolamu iliyoonja shaba nimeiandikia kwa kalamu isiyofutika. Hairudi tena kwenye kazi nyingine.

Maji machafu nayo yana hesabu yake. Milimoli 5 za shaba ni kama miligramu 318 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2. Hata baada ya methanoli kuyapunguza, bado ni zaidi ya mara 100. Yanakusanywa kwenye dumu lenye lebo, hayamwagwi kwenye sinki.

Mbona shaba, si nikeli wala zinki?

Wengine huuliza kama wanaweza kubadilisha metali. Wanaweza, lakini wajue wanachobadilisha. Irving na Williams waliupanga uimara wa mshiko wa metali hizi mwaka 1953: kutoka manganizi unapanda kupitia chuma, kobalti na nikeli hadi kileleni kwenye shaba, kisha unashuka ukifika zinki. Uimara peke yake hautoshi, kuna na wepesi. Nikeli iliyo majini huachia molekuli ya maji na kushika nyingine mara kama 30,000 kwa sekunde. Shaba hufanya hivyo zaidi ya mara bilioni moja. Katika kolamu, ambako dawa inapaswa kushika na kuachia maelfu ya mara ndani ya dakika chache, mzito wa kuachia huzaa vilele vipana. Shaba ina mambo yote mawili, inashika sana na inaachia upesi.

Zinki inafikiriwa pale mwanga unapokuwa tatizo. Haina rangi, hainyonyi mwanga tunaoutumia, haiuzimi mng'ao. Inashika kwa ulegevu zaidi, kwa hiyo utengano mara nyingi ni mdogo.

Njia ya pili: metali iliyofungwa kwenye kolamu

Kihistoria hii ndiyo iliyotangulia. Vadim Davankov na wenzake huko Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, walifunga L-prolini kwenye punje za plastiki, wakaipa shaba, wakatenganisha asidi amino za mikono miwili. Siku hizi kolamu za namna hii zinauzwa tayari: Nucleosil Chiral-1 ina hidroksiprolini iliyofungwa kwenye silika, Chirex 3126 ina D-penisilamini, Chiralpak MA(+) ina alanini iliyotiwa mikia mirefu ya kaboni.

Hapa shaba bado inahitajika kwenye kiyeyushi, kwa kawaida kidogo tu, kama milimoli 2, ili kufidia inayovuja. Kwa hiyo usidanganyike na neno "imefungwa": spektromita ya masi bado haitakupokea. Unachopata ni kolamu inayotulia upesi zaidi na matokeo yasiyoyumba sana leo na kesho. Unachopoteza ni uhuru wa kugeuza mpangilio kwa kubadilisha unga. Tena zile kolamu ambazo ligandi imepakwa tu juu yake, haikufungwa kwa kemia, haziwezi methanoli nyingi. Ukiizidisha unaosha rangi ukutani.

Zinapong'ara ni kwenye dawa ndogo zinazopenda maji, ambazo zenyewe ni asidi amino au jamaa zake. Levodopa ya ugonjwa wa Parkinson ni mfano. Penisilamini ni mfano mzuri zaidi, maana D ndiyo dawa na L ni sumu, na kazi ya D mwilini kwa mwenye ugonjwa wa Wilson ni ileile tunayoijadili hapa: kushika shaba iliyozidi na kuitoa kwa mkojo. Dawa inayoshika shaba kiasi hicho haiwezi kuwa ngumu kuitenganisha kwa shaba.

Kuna matumizi ya pili ya metali iliyofungwa, na hayahusu mapacha. Jerker Porath na wenzake, Uppsala nchini Uswidi, mwaka 1975 walionyesha namna ya kufunga metali kwenye jeli ili inase protini. Wapimaji wa mabaki ya dawa kwenye maziwa na nyama waliichukua jeli ya namna hiyo, wakaipa shaba, wakanasia tetrasaiklini. Ukitaka kuona kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha mikrogramu 100 kwa lita ya maziwa, huwezi kudunga maziwa kwenye kolamu. Lazima kwanza umtoe mhusika kwenye mafuta, protini na kalsiamu. Jeli ya shaba inanasa tetrasaiklini na kuacha mengine yapite.

Mtego upo mmoja, na nimeona watu wazoefu wakiingia. Bafa (maji yanayoshikilia pH isiyumbe) iliyozoeleka ya kutolea tetrasaiklini kwenye sampuli ina EDTA, na EDTA ina magando mengi kuliko dawa. Ukipitisha mchuzi huo kwenye jeli, shaba yote inaondoka nao, bomba linabaki jeupe, na dawa iko kwenye ndoo. Toa kwa bafa ya saksineti ya pH 4, nasa, osha, halafu ndipo ulete EDTA iiachishe dawa. EDTA ileile, ikija mwanzoni inakuharibia, ikija mwisho inakukamilishia.

Bado, kama maabara yako ina vibweta vya polima vya kusafishia sampuli na spektromita ya masi, sioni sababu ya kuhangaika na jeli ya shaba leo. Ni njia ya mwenye kigunduzi cha mwanga tu.

Njia ya tatu: bila metali

Dawa nyingi hazina gando. Ibuprofeni ina kaboksili moja, basi. Hiyo ni kushika kwa mkono mmoja, na shaba haitaijali. Prazikwanteli, dawa ya kichocho ambayo watoto wa kando ya Ziwa Viktoria wameimeza kwa miaka mingi, haina hata huo mkono mmoja. Nayo ina mapacha: R ndiyo inayoua minyoo, S kazi yake kubwa ni kuongeza ukubwa wa kidonge na uchungu. Dawa mpya ya watoto wadogo, arprazikwanteli, ambayo sehemu ya majaribio yake ya mwisho ilifanyika Kenya, ina R peke yake, na mamlaka ya dawa ya Ulaya iliitolea maoni mazuri Desemba 2023. Atakayeipima kwetu asinunue mrututu. Anahitaji kolamu ya selulosi au amilosi iliyovishwa karbameti, kazi iliyoanzishwa Japani na Yoshio Okamoto. Hapo hakuna gando. Molekuli inaingia kwenye mikunjo ya selulosi, na pacha mmoja anaenea vizuri kuliko mwingine.

Kolamu hizo ni ghali, bei yake ni mara kadhaa ya C18, na zile za kupakwa huharibiwa na kiyeyushi kisichoruhusiwa kwa kosa la dakika tano. Lakini zinachukua dawa za kila aina, hazihitaji chumvi, na nyingine zinafanya kazi na spektromita ya masi. Anayepima levofloksasini kwenye damu ya mgonjwa, ambako kiasi ni kidogo na uchafu ni mwingi, aje huku hata kama dawa yake ina gando zuri.

Metali ya fedha niitaje kwa haraka, maana huwa inaulizwa. Ayoni ya fedha haishiki kwa gando. Inashika bondi mbili za kaboni. Inatenganisha mafuta ya omega-3 na vitamini zenye bondi za namna hiyo, hasa zile zinazotofautiana kwa upande tu ambao mnyororo umepinda. Kwa antibiotiki haina msaada. Na ikikutana na kloridi yoyote inaganda nyeupe, kisha inageuka nyeusi kwa mwanga.

Metali usiyoialika

Kabla hujaongeza metali, hakikisha huna tayari. Silika ya zamani na vichujio vya chuma vina mabaki ya metali, na tetrasaiklini ikipita hapo inashikwa na kuachiwa hovyo hovyo, ikitoka na mkia mrefu. Watu huilaumu kolamu imechoka. Jaribu EDTA kidogo kwenye kiyeyushi, au kolamu ya silika safi. Mkia ukikatika umepata jibu. Ukitafuta tu kiasi cha tetrasaiklini kwenye kidonge, huna pacha wa kutenganisha, kwa hiyo hapo metali ni adui moja kwa moja.

Mimi ningechagua hivi. Maabara ya udhibiti yenye C18, kigunduzi cha mwanga na tanuri la kolamu, inayopima vidonge vya levofloksasini: mrututu kwenye kiyeyushi, bila kusita. Maabara hiyohiyo ikipokea levodopa au penisilamini kila wiki: inunue kolamu ya ligandi. Ikipokea dawa tofauti tofauti, moja leo nyingine kesho, nyingi zikiwa hazina gando: ijibane inunue kolamu ya selulosi na kusahau shaba.

Na kama hujui dawa yako ina gando au haina, usiagize chochote bado. Chukua kuveti mbili, vile vikombe vidogo vya kupimia mwanga. Yeyusha dawa kwenye bafa ya asetati ya pH 5 hadi 6, chora ule mchoro wake wa kunyonya mwanga, kisha tia matone machache ya mrututu na kuchora tena, ukitoa mchoro wa shaba peke yake. Mchoro ukisogea, shaba imeshikwa. Hiyo bado si ahadi kwamba mapacha watatengana, lakini unaweza kupima isoleusini ukaanza. Usiposogea, mrudishie mwenzako kopo lake la mrututu.